Hellen Haendi

Leonsia hawezi kununa kimya kimya. Sisi wengine tukikosewa tunameza, tunameza tena, halafu tunakutana na mkosaji kanisani tunamuuliza habari za watoto. Yeye akikosewa asubuhi, kabla ya chai ya saa nne Mkolani nzima, mtaa wetu hapa Mwanza, ina habari, na mkosaji mwenyewe ameshaletewa taarifa mlangoni, mara nyingi ikiwa imeongezwa chumvi njiani.

Ni jirani yangu tangu alipotoka Muleba kuja kuolewa na Projest, fundi wa injini za boti kule Igogo. Anauza ndizi za kupika, zile zinazoletwa kutoka Bukoba, na kibanda chake kimeegemea ukuta wangu. Kwa hiyo hakuna jambo la Leonsia nisilolijua, na mengi sikuyatafuta. Mteja akibonyeza ndizi anaambiwa, "Dada, hiyo ni ndizi, si parachichi. Iweke chini." Mteja akiondoka amevimba, Leonsia ananigeukia: "Umemwona huyo, Mama Yakobo? Watu wa siku hizi wamelelewa na nani?" Kesho mteja yuleyule akirudi anaongezewa ndizi za bure na kuulizwa hali ya mama yake. Leonsia akishasema, amemaliza. Chuki haikai kwake, inapita tu mdomoni kwenda nje.

Sasa, jumuiya yetu ya kanisa ina utaratibu wake wakati wa Kwaresima. Watu waliogombana hawaruhusiwi kuingia Pasaka na ugomvi wao. Wanakaa mbele ya wanajumuiya, kila mmoja anasema la kwake, mwenyekiti anaamua nani aombe radhi, wanashikana mikono, na yule aliyekosa analeta chakula tunakula wote. Mwenyekiti wetu ni Mzee Antoni, mstaafu wa reli, na upatanisho anauendesha kama treni iliyochelewa. Hataki vituo vingi, anataka kufika kwenye chakula.

Bila Leonsia mzee huyo angekosa kazi. Mwaka mmoja tulikaa kwa sababu ya mbuzi wa katekista. Mwaka mwingine nilishitakiwa mimi, kwa kosa la jogoo wangu kuwika dirishani kwake. Niliomba radhi, nikampika jogoo, tukala, kesi ikafa. Ndiyo maana kesi ya Modesta ilipoletwa tuliipokea kama hizo nyingine, tukiulizana nani atakuja na sufuria kubwa.

Modesta ni dada yake Projest, yaani wifi yake Leonsia. Alikuwa na duka la vitenge Igogo, mtu wa watu, anacheka vizuri, haingii msibani mikono mitupu. Alikuwa pia na jina la kutafutia watu kazi. Mwaka ule alikuwa anatafuta wasichana wa kuhudumu katika hoteli ya bwana mmoja aitwaye Chenge, kwenye kisiwa kimoja huko ziwani, mbali. Hellen, kifungua mimba wa Leonsia, akaenda kuomba. Alikwenda na rafiki yake Rebeka, binti wa Getruda, jirani yetu wa nyumba ya pili. Wasichana hao wamekua pamoja, wamemaliza kidato cha nne pamoja, wakakaa nyumbani bila kazi pamoja mpaka wakawa watu wazima. Modesta akawatazama mlangoni kwake. Rebeka akamchukua palepale, tena akamnunulia viatu vipya vya safari. Hellen akamwambia arudi kwao.

Aliyezaliwa huku kwetu anajua uzito wa jambo hilo. Shangazi ndiye wa kumshika mkono mtoto wa kaka yake. Akipata nafasi akampa mtoto wa jirani, amemvua nguo wifi yake sokoni. Leonsia alilia kwa hasira, kisha akalitangaza jambo kwa kila aliyekuja kununua ndizi na wengine waliokuwa wanapita tu na mambo yao.

"Kijicho!" alikuwa anasema. "Anaona Hellen akipata mshahara mtoto atang'aa kuliko yeye. Kijicho, basi!"

Modesta hakuwa wa jumuiya yetu lakini aliitwa, akaja. Tulikaa sebuleni kwangu, wazee kwenye viti, sisi wengine kwenye mkeka.

"Wifi, nimekukosea nini?" Leonsia alianza. "Ulikuja Mwanza na begi moja, nikakupa chumba. Leo mtoto wangu anakuomba kazi unamfukuza, unachukua mtoto wa Getruda. Getruda, usinielewe vibaya."

"Sijakuelewa vibaya, Mama Hellen," alijibu Getruda. Alikuwa amekaa karibu na mlango, amejifunga kanga mpya, na uso wake ulikuwa uso wa mama ambaye mtoto wake amepata kazi.

Modesta alikuwa anachezea pindo la kitenge chake. "Kazi ile ni ngumu, wifi."

"Hellen amebeba mikungu tangu yuko shule ya msingi. Ugumu gani?"

"Haimfai."

"Kwa nini?"

"Haimfai tu, wifi."

"Basi mpeleke akaione mwenyewe! Ikimshinda atarudi."

Hapo Modesta aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamebadilika. "Nitukane unavyotaka. Ninunie mpaka siku ya kunizika. Hellen haendi kule. Mimi nikiwa hai, Hellen haendi."

Tukacheka. Tuliona mawifi wawili wanagombana kama mawifi wanavyogombana tangu dunia iumbwe. Mzee Antoni akaona treni inachelewa. Akasema mwenye kutafuta wafanyakazi ndiye anayejua nani anafaa, akasema kumwita ndugu yako mwenye kijicho ni dhambi ya ulimi, akamwamuru Leonsia aombe radhi na alete mkungu wa ndizi. Leonsia akaomba radhi kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Mkungu aliuleta mwenyewe kichwani, akautua sakafuni kwangu kwa kishindo hadi vikombe vikalia kabatini. Tulizipika na maharage, zikawa tamu sana. Getruda alipakua mara mbili. Rebeka alikuwa ameshapanda boti siku chache nyuma.

Rebeka hakukuta hoteli. Alikuta baa yenye vyumba uani. Simu yake ilichukuliwa siku aliyofika, na kazi waliyomlazimisha kufanya ndani ya vyumba vile sina haja ya kuieleza, kila mtu mzima ameshaelewa. Aliyekataa alipigwa. Kila boti iliyofika pale ilikuwa ya mtu anayekunywa na Chenge. Alikaa huko mwezi baada ya mwezi, na mama yake akawa anapokea ujumbe wa simu kwamba kazi ni nzuri ila mtandao unasumbua. Mpaka wahudumu wa afya walipokwenda kisiwani kupima malaria, na Rebeka akamnong'oneza nesi wakati anatobolewa kidole. Nesi yule hakushtuka, hakuuliza kitu, aliandika kama anaandika majibu ya kipimo. Aliporudi kisiwani alirudi na polisi. Mungu ampe maisha marefu.

Chenge hakuwa na pa kujificha, wasichana wote walimnyooshea kidole. Modesta naye alikamatwa dukani kwake, lakini yeye alikuwa na utetezi, na utetezi wake ulikuwa umenyooka. Aliambiwa atafute wafanyakazi, akatafuta. Kisiwani hajawahi kukanyaga. Alidanganywa kama walivyodanganywa wengine. Rebeka, ambaye hajui kusema uongo hata pale unapomfaa, alipoulizwa alijibu kwamba shangazi Modesta hakuwahi kumwambia neno baya, tena alimwombea safari njema.

Kesi ilikuwa inapelelezwa na dada mmoja wa Kihaya, Afande Noela Ishengoma. Alikuja kuongea na Getruda, nami nilikuwepo. "Mama, kumpandisha mtu boti si kosa," alisema. "Kosa ni kumpandisha huku unajua anapelekwa kufanywa nini. Lazima tuthibitishe kwamba Modesta alijua. Na alichokijua kiko moyoni mwake." Getruda alimuuliza kama hawana kipimo cha moyo huko polisi. Afande Noela alisema wangekuwa nacho wangekipeleka kwanza kwa viongozi, na ile ndiyo mara ya kwanza nilipomwona Getruda akitabasamu tangu mtoto arudi.

Leonsia aliposikia wifi yake yuko mahabusu aliwaka. Si dhidi ya Modesta. Aliwaka kumtetea! "Ana kijicho, nakubali, mimi wa kwanza kusema. Lakini si mtu wa kuuza watoto wa watu." Akapika ndizi, akafunga sufuria kwa kitambaa, akanichukua na mimi tukaenda kituoni kuwafundisha polisi kazi.

"Shikamooni," Afande Noela alitusalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema ukweli wote," alisema Leonsia kabla hajakaa. "Modesta tatizo lake ni kijicho, na kijicho si kesi ya polisi. Mimi mwenyewe alinifanyia. Binti yangu wa kumzaa alimwomba kazi hiyohiyo, siku hiyohiyo, amesimama na Rebeka. Akamkatalia! Tukamweka mbele ya jumuiya. Nikambembeleza, nikamlilia. Akasema nimnunie mpaka siku ya kumzika, yeye akiwa hai, Hellen..."

Hakumaliza.

"Hellen nini, mama?" Afande Noela aliuliza taratibu.

Leonsia alinigeukia. Miaka yote ya ujirani wetu sijawahi kumwona akitafuta neno akalikosa. Mimi nilikuwa nimelisikia lile neno sebuleni kwangu mwenyewe, nikacheka, nikala ndizi, na ni pale kituoni tu ndipo liliponipiga kifuani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Modesta aliujua ule mkuki vizuri kabisa, na alijua mtoto wa nani asiukaribie.

"Chakula kinapoa," alisema Leonsia. Akaiacha sufuria mezani, akashika mkono wangu tukatoka.

Tangu hapo akanyamaza, na kunyamaza kwake kulitutisha kuliko kelele zake zote. Mteja mmoja alibonyeza ndizi za mkungu mzima, moja moja, akangoja kutukanwa, hakutukanwa. Akaja mlangoni kwangu kuniuliza kama Mama Hellen anaumwa. Afande Noela alikuja mara mbili kumwomba aandike maelezo, akajibiwa, "Bado, mwanangu. Niache kwanza."

Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo niliyasikia yote. Projest ni mpole, hapandishi sauti. "Ni dada yangu, Mama Hellen. Damu ni nzito kuliko maji. Wana kazi yao, waache waifanye bila wewe." Kutoka Muleba simu zilikuwa zinapigwa na wakubwa wa ukoo wa Projest, na wao hawakuwa wapole. Walisema mwanamke atakayemfunga binti yao asikanyage tena kibanja chao, hata kuzikwa asizikwe pale. Kwa Mhaya hayo si maneno madogo. Kibanja ndicho kwenu, mnaozunguka mijini wote mnarudishwa palepale kwenye migomba. Leonsia alikuwa anaambiwa achague atalala wapi milele.

Lakini si hilo lililomfunga mdomo. Aliniambia siku moja tukimenya ndizi. "Mama Yakobo, yule ameniokolea mtoto. Kama angemkubali Hellen siku ile, ningeshukuru, ningempikia, ningempandisha Hellen boti kwa mikono yangu. Sasa mimi nimlipe kwa kumpeleka jela?"

Nilimenya ndizi ileile mpaka ikaisha mkononi.

Rebeka wakati huo alikuwa hatoki nje. Akitoka, kuna midomo mtaani ilikuwa inanong'ona kwamba eti alijua anakokwenda, eti viatu vipya vilimpendeza. Wawili kati yao niliwajibu mwenyewe, kwa maneno ambayo nitashitakiwa nayo mbele ya Mzee Antoni Kwaresima ijayo. Hellen peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda kila siku kumsuka na kukaa naye. Alasiri moja alirudi kutoka huko, akasimama mbele ya kibanda.

"Mama, Rebeka ameniuliza kitu."

"Nini?"

"Ameuliza: tulisimama wawili mlangoni. Kwa nini shangazi alimchagua yeye? Anafikiri labda ana kitu kibaya usoni, kitu ambacho watu wakimtazama wanakiona." Hellen alianza kulia. "Nimwambie nini, mama?"

Leonsia aliiweka ndizi chini. Akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya, kwa nguvu. "Mwambie hana kitu usoni," alisema. "Halafu nipigie yule afande."

Siku ya ushahidi tulijaa mahakamani hadi wengine wakasimama kwenye veranda. Modesta alikaa kizimbani pembeni ya Chenge, amefunga kitambaa vizuri, amekonda. Projest alikaa upande wa dada yake. Leonsia alipita mbele yake kwenda kizimba cha mashahidi na hawakutazamana.

Alieleza yote, kuanzia mlango wa Igogo hadi sebule yangu. Wakili wa serikali alimuuliza mshitakiwa alitumia maneno gani, naye akayarudia kama yalivyo: Mimi nikiwa hai, Hellen haendi. Kisha akasimama wakili wa Modesta, kijana nadhifu mwenye tabasamu.

"Mama, ni kweli ulimtangaza mshitakiwa mtaa mzima kwamba ana kijicho?"

"Kweli."

"Ulimnunia?"

"Sana."

"Una kawaida ya kugombana na watu?"

"Watu?" alisema Leonsia. "Hata na jogoo nimeshagombana."

Ukumbi ukaangua kicheko, hakimu akaomba utulivu. Mimi sikucheka, niliona mtego. Wakili alikuwa anafurahi. "Kwa hiyo mama, wewe ni mtu wa vinyongo, na leo umekuja hapa kulipa kisasi kwa sababu wifi yako alimnyima binti yako kazi. Ndiyo au siyo?"

Leonsia alinyamaza mpaka nikaogopa kwamba ule ugonjwa wa kituoni umemrudia. Nikaona machozi yanashuka na hayafuti.

"Kinyongo nilikuwa nacho siku ile, kwa sababu nilidhani amemnyima mwanangu riziki," alisema. "Leo sina. Leo namshukuru. Mheshimiwa hakimu, andika hilo, namshukuru huyu mwanamke mbele ya watu wote. Mwanangu analala nyumbani kwangu kwa sababu yake. Lakini mtu hamwiti mwanawe ndani kwa kelele kama hajaona mawingu. Huyu aliyaona. Wa kwetu akamwita ndani. Wa Getruda akamnunulia viatu, akamsukuma nje."

Wakili alitazama karatasi zake, akasema hana swali lingine.

Baada yake tuliitwa mimi na Mzee Antoni. Mimi nilisema nilichosikia. Mzee Antoni aliulizwa iliwezekanaje mwenyekiti mzima asikie maneno yale asishtuke. Akavua kofia, akasema, "Mheshimiwa, nilikuwa na njaa." Hakuna aliyecheka safari hiyo, na mzee wa watu alirudi kukaa amejikunyata.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa muda mrefu, lakini nilichoshika mimi ni hiki: mtu anayeamini anapeleka wasichana hotelini hawezi kuapa kwa uhai wake kwamba mtoto wa kaka yake hatakanyaga hotelini hapo. Modesta alijua. Chenge na yeye wote wana hatia, wote kifungo. Getruda alimkumbatia Rebeka. Projest aliinama muda mrefu. Kisha aliinuka, akaja upande wetu, akachukua mkoba wa mke wake akaushika yeye. Wakubwa wa Muleba wao mpaka leo hawajapiga simu, na habari ya kibanja hatujui itaishaje.

Tulikuwa tunatoka tukakutana na Modesta kwenye veranda, anapelekwa kwenye gari. Askari alimwachia nafasi kidogo. Leonsia alisimama. Nilidhani atatukanwa, naye alikuwa amejiandaa kutukanwa.

"Wifi," alisema Modesta. "Hellen hajambo?"

"Hajambo."

Modesta aliitikia kwa kichwa, macho yamejaa machozi. "Namshukuru Mungu."

Leonsia alisogea pembeni. Nyuma yake alikuwa amesimama Rebeka na mama yake.

"Huyu hujamuuliza hali," Leonsia alisema.

Modesta alifungua mdomo, akaufunga. Tulimngoja. Askari naye alimngoja, kisha akamgusa bega akamwambia twende.